Pacha wa Mkanda wa Tatu

Maoni yenyewe yalikuwa neno moja tu: "Upotoshaji." Mama Kopi aliyasoma akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake la fotokopi, mkono mmoja umeshika simu, mwingine unailisha mashine vyeti vya mteja. Kwenye kiti chenye mto, pembeni ya mashine ya kuvisha vitambulisho plastiki, baba yake alimwinulia nyusi. Alitaka kujua leo watu wamesemaje.

"Huyu anasema sauti yako imetulia, Baba. Anasema watangazaji wa siku hizi waje kwako wasome."

Mzee alitabasamu kwa upande wa kushoto wa mdomo, ule ambao kiharusi hakikuuchukua. Mama Kopi naye akatabasamu, huku damu inamchemka. Mtu amekaa kwake huko, ameshiba, anabonyeza neno moja, basi kaifuta kazi ya mwenzake ya miaka ishirini na mbili.

Uongo wa namna hiyo, wa kusoma jambo moja na kutamka jingine bila kupepesa macho, alikuwa ameurithi. Kabla ya kiharusi, na kabla jumba la sinema halijageuzwa ghala la magodoro, mzee huyu alikuwa akiitwa Kipaza. Jina la kwenye kitambulisho chake hata wanawe lazima walifikirie kwanza. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya stuli ndefu kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, na kuwaeleza watu kwa Kiswahili yale ambayo mabibi na mabwana wa Hollywood walikuwa wakiambiana kwa Kiingereza. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha kuombea maji. Yaliyobaki aliyasoma kwenye nyuso zao, na pale nyuso ziliponyamaza alitia chumvi. Lakini alikuwa na mwiko mmoja, na nyumbani aliusema mpaka watoto wakauchoka: "Usimtangulie mtu wa kwenye picha. Mngoje afanye, ndipo useme. Ukimtangulia tu, watu watajua unabuni."

Sasa habari ya pacha. Huyu pacha hakuletwa na Kipaza. Aliletwa na fundi mitambo, mwanamume mnene aliyeweza kusinzia hata amesimama. Kulikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, ambayo watu waliiita Picha ya Kofia kwa sababu stelingi wake hakuvua kofia popote isipokuwa nyumbani kwa mchumba wake. Ilikuja ndani ya makopo matano, kila kopo na mkanda wake. Siku ya kwanza kabisa fundi akapachika mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Basi watu wakamwona stelingi anapigwa risasi kwenye ngazi, anabiringika mpaka chini, anafumba macho. Jumba zima likapiga kelele, maana kila mtu anajua kwamba stelingi hafi katikati ya picha. Kabla hawajakaa sawa mkanda wa tatu ukaanza, na marehemu huyo huyo akafungua mlango, mzima wa afya, akatundika kofia yake kwenye msumari na kumkumbatia mchumba.

Viti vilianza kugongwa. Kule juu fundi alikuwa ameshaligundua kosa lake na amepigwa na butwaa. Kipaza alikuwa na muda wa pumzi moja.

"Msishangae, jamani," alisema, taratibu, kana kwamba anaulizia hali za watu. "Huyu si yule. Huyu ni pacha wake. Katoka safari, na hana habari kwamba ndugu yake ameuawa."

Watu wakatulia kama maji mtungini. Halafu mama mmoja wa safu ya nyuma akaanza kulia kwa sauti, kwa sababu yule mchumba alikuwa anamkumbatia pacha bila kujua, naye pacha hakuwa na moyo wa kumwambia. Mkanda wa tano ulipofika, yule mchumba akapanda treni peke yake na glavu zake nyeupe, na jumba zima likarudi nyumbani limevimba macho.

Kesho yake fundi akaipanga mikanda sawasawa. Watu waliorudi na jamaa zao wakauliza pacha yuko wapi. Waliuliza mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu. Mwenye jumba akapanda ngazi mwenyewe, akamwamuru fundi alirudishe kosa lake mahali lilipokuwa. Kwa wiki sita picha ile ikaonyeshwa kinyume, kwa amri, na hakuna aliyenung'unika.

Miaka mingi baadaye, jumba lilipofungwa, Kipaza alipewa zile picha kubwa za kung'aa zilizokuwa zikiwekwa kwenye sanduku la kioo nje ya mlango ili kuwavuta wapita njia. Zilikuwa arobaini na tatu. Mama Kopi alizikuta chini ya godoro la mzee wiki aliyoanguka kwa kiharusi. Alizifuta kwa pamba, akaziskani moja moja kati ya mteja na mteja, akaanza kuzituma kwenye kundi moja la mtandaoni la wapenzi wa sinema za zamani, lenye watu elfu nne na ushee. Leo bibi mwenye glavu, kesho wacheza dansi wenye viatu vya kung'aa, keshokutwa mfalme wa bandia mwenye ndevu za kubandika. Vipande vya filamu vilikuwa vimejaa mtandaoni, alivichagua na kuvikata vifupi. Halafu akapata kaseti. Jamaa mmoja aliyekuwa hakosi safu ya mbele alikuwa na tabia ya kuingia na redio yake na kurekodi. Mama Kopi akaitoa ile sauti kwenye kaseti, akailaza juu ya mkanda wa tatu wa Picha ya Kofia, akautuma.

Majibu yalimiminika siku nne. Wengine walisema wameisimamisha kazi wakasikiliza. Mmoja aliandika kwamba mama yake mzazi, aliyekwisha kusahau hata majina ya wanawe, aliposikia akasema, "Huyo Kipaza, hebu nyamazeni." Hayo Mama Kopi aliyasoma kama yalivyo, na mzee akamwinulia nyusi mara tatu ili ayarudie. Tangu hapo akaanza kutaka kunyolewa ndevu kila asubuhi. Mtu aliyekaa miezi minane akiutazama ukuta, sasa ikifika saa nne anaigonga kaunta kwa fimbo: haya, leo tunawatumia ipi, na jana wamesemaje?

Kwa hiyo lile neno moja halikuwa neno dogo. Na aliyeliandika alikuwa msimamizi wa kundi mwenyewe.

Jumanne yake Msimamizi alikuja dukani kwa miguu yake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa chuo, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, na kwa haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaandaa maonyesho Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa maktaba, na alileta vibandiko vya chini ya picha ili vichapwe.

"Shikamoo, mzee," alisema. Kipaza akainua mkono wa kushoto, marahaba yake ya siku hizi.

Msimamizi akasogea kwenye kaunta, akapunguza sauti. "Dada yangu, picha zako ndizo roho ya maonyesho haya. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Ila ile klipu yenye sauti, hapana."

"Hapana vipi?"

"Si kweli. Hakuna pacha kwenye ile filamu. Watu wanaitazama, wanasambaziana, kesho wajukuu zetu watadhani ndivyo ilivyotengenezwa. Mimi nimefundisha lugha miaka thelathini, siwezi kufumba macho."

"Kwa hiyo Jumamosi?"

"Tutaonyesha vipande viwili, cha mkanda wa tatu kisha cha wa nne, kwa mpangilio wake, bila sauti. Tafsiri yangu itakuwa imeandikwa chini. Na wewe, kabla ya hapo, andika kwenye kundi kwamba ile sauti ilikosea na kwamba unaomba radhi. Mistari miwili inatosha."

"Nisipoandika?"

"Sheria za kundi unazijua. Nitaifuta klipu, na itabidi nikuondoe na wewe. Usinielewe vibaya."

"Nakuelewa vizuri kabisa," alisema Mama Kopi. "Picha zetu zitundikwe kwa heshima, halafu mwenye picha aombewe radhi kama mlevi aliyevunja vyombo harusini."

Msimamizi alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. Alipoondoka Mama Kopi alivisoma vile vibandiko vikitoka kwenye mashine. Mwaka ulikuwepo. Mpiga picha alikuwepo. Hata aina ya taa zilizotumika ilitajwa. Jina la Kipaza halikuwepo hata kwenye kimoja.

Kitandani alijigeuza na kujigeuza. Kiburi anacho, alikuwa nacho tangu utotoni, lakini kiburi chake kingempa nini mzee ikifika saa nne? Angemsomea nini? Akiondolewa mle, ndiyo imetoka: watu elfu nne wamefunga mlango, na Baba anarudi kwenye ukuta wake. Mistari miwili tu. Watu wanaomba radhi kila siku kwa mambo ambayo hata hawayajutii, na hawafi.

Alhamisi asubuhi, duka likiwa tupu, aliiandika. "Sauti iliyo kwenye klipu niliyotuma ina makosa. Katika filamu hii hakuna pacha. Naomba radhi kwa niaba ya baba yangu." Kidole kikagoma. Akaona hawezi kuituma kwa siri kama mwizi, akavuta stuli, akakaa mbele ya mzee, na safari hii akasoma kilichoandikwa.

Kipaza alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatikisa kichwa kukubali. Si kwa hasira, wala si kwa kejeli. Alikubali kwa upole, mara mbili, kama mgonjwa anayeambiwa afumbue mdomo anywe dawa.

Huo upole ndio uliomkata maini Mama Kopi, maana alijua mzee angefanya nini kama angekuwa na sauti. Aliwahi kumwona akifanya, kwa macho yake.

Wakati huo Mama Kopi alikuwa na miaka kumi na minne. Shuleni alikuwa wa kwanza kwa Kiingereza, na kichwa kilikuwa kimemvimba. Siku hiyo aliingia kwenye jumba na wasichana wenzake, Picha ya Kofia iliporudishwa kwa mara ya pili, na kwa mara ya kwanza maishani akawaelewa wale watu kwenye kitambaa. Akaelewa kwamba yule bwana anayetundika kofia ni yule yule. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Baba yake, mbele ya umati, alikuwa anabuni! Akasimama juu ya kiti akapiga kelele: "Uongo! Hakuna pacha!"

Watu mia tatu waligeuka. Mmoja akasema atolewe. Na Kipaza, kule kwenye stuli yake, akainua kiganja cha kushoto akaikandamiza hewa, ile ishara aliyokuwa akimpa fundi ashushe sauti ya picha, na watu wakashuka.

"Ndugu zangu," alisema kwenye kipaza sauti, na kila mtu akasikia kwamba anatabasamu. "Huyo ni binti yangu. Amesoma. Kiingereza anakijua kuliko sisi wote humu ndani. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Watu mia tatu walimpigia makofi msichana aliyesimama juu ya kiti bila kujua aweke wapi mikono yake. Makofi yalipoisha Kipaza akasema, "Sasa tuendelee," na pacha akavua kofia. Nyumbani hakuligusa jambo lile, si usiku ule wala siku nyingine yoyote.

Mama Kopi alifuta mistari yake yote miwili. "Wacha waniondoe, Baba," alisema. "Jumamosi tunakwenda, na shati lako la mistari nitalipiga pasi mwenyewe."

Ukumbi wa maktaba ulijaa. Vijana walisimama nyuma, wazee walikalishwa mbele. Ukutani wale mabibi na mabwana walikuwa wamepangwa kwa mstari ulionyooka, na Kipaza, fimbo mkono mmoja na mkono wa binti yake upande wa pili, alizipitia picha zake zote arobaini na tatu, moja moja, bila kuruka. Wakakaa safu ya tatu. Msimamizi akatoa hotuba nzuri kuhusu kuhifadhi, akamwashiria mkutubi aliyekuwa kwenye kompyuta.

Bwana yule akafungua mlango, akatundika kofia. Chini pakaandikwa: "Nimechelewa, mpenzi. Mvua ilikuwa kubwa." Kisha ngazi, risasi, akabiringika, akafumba macho. Ikaisha. Watu wakapiga makofi ya kistaarabu.

Bibi mmoja wa safu ya mbele akainua mkono. "Samahani, baba. Mbona hajarudi?"

"Nani, mama?"

"Pacha."

Wazee waliangua kicheko, wengine wakaitikia, ndiyo, pacha yuko wapi? Msimamizi akaeleza. Alieleza kwa utaratibu na kwa kirefu, habari ya makopo na mpangilio, hitilafu za kiufundi, na jinsi ambavyo "mtu mmoja aliyekuwa na kipaza sauti akajitungia tu hadithi". Fimbo ya Kipaza ilianza kutetemeka juu ya sakafu, tik tik tik, na Mama Kopi akajikuta amesimama.

"Huyo mtu mmoja wanamwita Kipaza," alisema. "Yuko hapa, safu ya tatu. Hawezi kusema, lakini kusikia anasikia."

Vichwa vikageuka. Bibi wa mbele akaweka mkono kifuani.

"Dada, tulikubaliana," Msimamizi alianza.

"Hatukukubaliana. Wewe ulisema, mimi nikanyamaza." Alikuwa ameshapita mbele ya magoti ya watu na kufika karibu na kitambaa. "Mama mkutubi, tuwekee kile cha pili kwanza. Halafu kile cha kwanza."

Mkutubi alimtazama Msimamizi, akawatazama wazee wa mbele, akashika kipanya cha kompyuta.

"Nitakuondoa kwenye kundi," Msimamizi alisema, simu tayari mkononi. "Sitanii. Sasa hivi."

"Niondoe. Kidole si unacho?"

Nyuma vijana walicheka, na kicheko hicho kikamuumiza Msimamizi. Alisimama wima katikati ya ukumbi, masikio yamemwiva, akasema kwa sauti ya mtu anayeona haki yake inakanyagwa: "Lakini jamani, hakuna pacha!"

Mama Kopi aliisikia sauti ile na kuitambua. Maneno ya kumvua nguo yule bwana mbele za watu alikuwa nayo, tena ya kuchagua, yamempanda mpaka kwenye ulimi. Akatazama safu ya tatu. Kisha akainua kiganja cha kushoto akaikandamiza hewa, na ukumbi ukashuka.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu bwana amesoma. Kiingereza anakijua kuliko sisi wote humu ndani, na asemalo ni kweli. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Walianza wazee, vijana wakafuata, na makofi yalikuwa ya dhati kuliko yale ya kistaarabu. Msimamizi alibaki amesimama, simu mkononi, hajui kama akae au ashukuru.

"Sasa tuendelee," alisema Mama Kopi.

Bwana akapigwa risasi kwenye ngazi, akabiringika, akafumba macho. Mlango ukafunguliwa.

"Msishangae, jamani. Huyu si yule. Huyu ni..."

"Pacha wake!" wakajibu wote waliokuwa na mvi, na bibi wa mbele alikuwa ameshatoa kitambaa.

Mama Kopi alipandwa na furaha, maneno yakamtoka mbio, katoka safari, hana habari, akavua kofia, akaitundika. Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa gauni lake. Alijua ni nini, hakuigusa. Wakati huo huo fimbo ikagonga sakafu, mara moja, kwa nguvu.

Aligeuka. Kipaza alikuwa amekunja uso kwa hasira halisi, hasira ya mwenye kazi, ambayo hakuwa ameiona usoni mwake tangu alipoanguka. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kinaikandamiza hewa, taratibu, taratibu. Mama Kopi akatazama kwenye kitambaa. Bwana yule ndiyo kwanza alikuwa anaupeleka mkono kwenye kofia.

"Mama mkutubi, nirudishie," alisema. "Nimemtangulia."

Marehemu akafungua mlango tena. Safari hii Mama Kopi alifunga mdomo na kungoja, ukumbi mzima ukingoja naye, mpaka kofia ikafika msumarini.